Siku Kijiji Kizima Kiliponikana

Kwetu, upande wa Mabamba, mgeni akija na karatasi jibu la kwanza ni hapana. Alichokuwa anataka utauliza baadaye. Ukiulizwa kama una mbuzi, huna. Ukiulizwa njia ya Kibondo, huijui, ingawa jana tu uliipita na mzigo wa mihogo kichwani. Na jirani yako akisikia umesema huna mbuzi, naye ataapa kuwa hajawahi kuona mbuzi kwako, hata kama mbuzi wenyewe wanalia nyuma ya nyumba. Kwetu huo hauitwi uongo, unaitwa ujirani. Mimi nimekulia humo, na hapana nilizisema nyingi kabla sijaota ndevu. Kwa hiyo siwezi kusimama leo nikadai sikujua. Nilijua vizuri, na bado nililiacha lori lile liende kwetu bila mimi.

Siku hizi kila nikifungua redio nasikia mchezaji wa kulipwa, mchezaji wa kulipwa. Miaka ile ya sabini hatukuwa na maneno hayo. Mpira ulikuwa wa ridhaa, kwa mdomo. Lakini kila mtu alijua kuwa mashirika makubwa huko pwani yalikuwa yanatafuta vijana wenye miguu, yanawaandikisha kuwa makarani wa stoo au madereva, na ikifika saa nane mchana wanaambiwa wakavae jezi. Sisi tuliita kuchukuliwa. "Fulani kachukuliwa." Ukishachukuliwa umepona, una kazi, una chumba chenye bati, na unacheza mpira mpaka miguu iseme basi. Mimi sikutaka kitu kingine duniani. Nisingeona haya kusema hivyo wakati ule, na leo pia sioni haya.

Nilikuwa kiungo. Msinichanganye na wale wafungaji wanaokimbia huku na huku wamenyoosha mikono juu. Kiungo hapigiwi makofi na mtu yeyote isipokuwa kocha, na hata huyo anapiga kimoyomoyo. Kazi yake ni kupokea mpira kutoka kwa beki mwenye hofu na kumpa mshambuliaji mwenye tamaa, kabla adui hajajua umepita wapi. Hilo nililijua tangu utotoni, na halikuwa la kufundishwa. Uwanja wetu ulikuwa ubavuni mwa kilima, na mpira tuliusuka kwa majani makavu ya migomba. Mpira wa namna ile ukiupiga kwa nguvu unafumuka, mchezo umekwisha, na aliyeufumua anapigwa na wenzake. Basi nikajizoeza kuugusa kidogo na kuutoa mapema. Nilipokuja kukutana na mpira wa ngozi nilishangaa jinsi ulivyo mwepesi kuutuma mahali.

Mwaka uliofuata baada ya kuhamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nilikwenda Kasulu kutafuta kazi. Nikapata ukibarua wa barabara: kumwaga changarawe, kuziba mashimo, mvua ikinyesha unayaziba yale yale. Jioni nilicheza. Mwalimu mmoja wa shule, mtu wa Kilimanjaro aliyeletwa kwetu na serikali, ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya wilaya. Aliniona siku moja nikicheza peku na vibarua wenzangu, akasimama na baiskeli yake mpaka mchezo ukaisha. "Wewe Muha," akaniambia, "hayo macho umeyapata wapi?" Sikumwelewa. Akasema, "Unaangalia pembeni, mpira unakwenda mbele." Kesho yake nikapewa njumu za mtu mwingine, kubwa kuliko mguu wangu, nikazishindilia vitambaa.

Miaka miwili nilicheza Kasulu. Nyumbani sikusema. Baba, ambaye sisi tulimwita data kama Waha wote, alijua niko kwenye barabara, akaridhika. Kwake yeye, mtu mzima kupiga mpira kulikuwa sawasawa na mtu mzima kuruka kamba. Nilisema moyoni, nitamwambia nikishachukuliwa, nitakuja na shati jipya, atakaa kimya mwenyewe. Lo, kiburi cha ujana! Hilo ndilo kosa langu, nimelisema, mengine yote ni ya wenzangu.

Tukacheza na timu ya Kigoma mjini, pale Kasulu, uwanja umefurika mpaka watu wamepanda miti. Siku ile nilicheza, Mungu anisamehe kwa kujisifu. Kulikuwa na kiungo wao mmoja mrefu, mwenye sifa, alikuwa amekwisha kuitwa timu ya mkoa. Kipindi cha pili alikuwa akiniona nakuja anarudi nyuma. Tulishinda mabao mawili, mimi sikufunga hata moja, lakini yote mawili yalitoka mguuni kwangu. Baada ya mchezo akanijia mtu mnene mwenye kofia, mcheshi, anacheka kila neno. Alikuwa wakala wa shirika moja la umma la Tanga. Alinishika bega, akanitazama miguu mpaka nikaona aibu, akasema, "Bwana mdogo, wewe nakuondoa huku."

Ila kulikuwa na jambo. Wakati ule ndugu zetu Warundi walikuwa wamevuka kwa wingi, wamekimbia mauaji kwao. Lugha yao na yetu ni kama mtu na mdogo wake. Kule kwa wakubwa hakuna aliyeweza kututenganisha. Chama cha mpira hakikusajili mkimbizi, na mkimbizi hakuruhusiwa kutoka wilayani bila kibali. Kwa hiyo fomu yangu ilitakiwa iwe na dole gumba la mzazi na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji, kuthibitisha kwamba mimi ni mtoto wa pale. Jambo dogo kabisa. Wakala alikuwa anaondoka na treni ya Kigoma siku ya Ijumaa iliyofuata. "Jumamosi tunakwenda kwenu," mwalimu akasema. "Twende wote." Lakini Jumamosi ile kulikuwa na mchezo mwingine, na mimi, mpumbavu, nilitaka kucheza. Nikasema, "Mwalimu, nendeni tu. Data yupo, mwenyekiti yupo. Semeni nimewatuma."

Yaliyotokea nayasimulia kama mama alivyonisimulia, na mama hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Lori la barabara, waliloliazima, lilisimama mbele ya nyumba yetu mchana. Wakashuka watu watatu: mwalimu, karani wa wilaya mwenye fomu, na yule mnene wa Tanga. Data alikuwa anapalilia maharage. Akaegemea jembe, akawangoja. Ni lazima mjue kuwa data alikuwa na jicho moja. La pili lilibaki Tanga. Akiwa kijana, kabla sijazaliwa, lori kama lile lilikuja kwetu na watu wanaocheka, wakawatazama vijana vifua na miguu, wakawapakia mpaka kwenye treni, wakawapeleka kwenye mashamba ya mkonge. Waha waliitwa manamba huko, kwa kuwa kila kibarua alipewa namba. Aliambiwa ni mwaka mmoja, akakaa sita, na mwiba wa mkonge ukamtoboa jicho. Alirudi na blanketi moja na kikohozi. Kwetu nyumba nyingi zilikuwa na mtu wa namna hiyo, au zilikuwa na pengo la mtu ambaye hakurudi.

Sasa yule mnene, kwa ucheshi wake, hakuanza hata na salamu ndefu. Alisema, "Mzee, tumekuja kwa ajili ya kijana wako aliyeko Kasulu. Ana afya? Kifua hakimsumbui? Hajawahi kuvunjika mguu?"

Data akauliza, "Mnampeleka wapi?"

"Tanga, mzee!" akajibu, anacheka. "Atakula vizuri huko!"

Mama alikuwa mlangoni. Anasema data alilitazama lile lori, akamtazama yule mtu, halafu akatema mate chini na kusema kwa Kiswahili chake cha mkonge, kilichonyooka kuliko cha wengi pale, "Huyo si mwanangu. Ni Mrundi. Alikuja na vita, akatulimia kwa chakula, halafu akaenda zake."

Mwalimu akapigwa na butwaa. Akamgeukia mama. "Mama, ni kweli?" Mama alikuwa na hofu ya lori hilo hilo. Akasema, "Ni kweli, alikuwa anakula kwetu." Wakamwita mwenyekiti. Mwenyekiti alinifahamu tangu nikiwa mgongoni. Alimtazama data mara moja tu, hakuhitaji ya pili. "Warundi wamejaa hapa," akasema, "huyo mnayemtaja namkumbuka, alikuwa mchapakazi." Majirani waliokuwa wamekusanyika wakaitikia, ndiyo, ndiyo, Mrundi yule. Hata mama mdogo wangu, aliyenikata kitovu, akatia neno. Karani akaandika maelezo, data akaweka dole gumba. Mwenyekiti, ambaye muhuri alikuwa amepewa karibuni na aliupenda kuliko mke, akaugonga mara mbili kwa mkazo.

Kijiji kizima kilinikana, na kila mmoja alinikana kwa kunipenda. Ndiyo maana hata wa kumchukia sijapata.

Jumatatu asubuhi mwalimu alinikuta kwenye changarawe. Hakunisalimu. "Umenidanganya miaka miwili," akasema. Nilicheka, nikidhani ni utani. Aliponisomea maelezo nikakaa juu ya lundo la mawe. Nikamwambia, "Mwalimu, hao wameogopa lori. Wamewadhania watu wa mkonge." Yeye alikuwa mtu wa Kilimanjaro, kwao karatasi ni karatasi. Hata hivyo alikuwa mwema. Akasema, "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Haya, nenda ukamlete huyo baba yako kabla ya Ijumaa. Aseme mwenyewe." Methali nzuri. Lakini aliposhtuka, unyasi uliokatwa ulikuwa ni mimi.

Nilidandia lori la chumvi mpaka Kibondo, kutoka hapo nikatembea. Nilimkuta data anakula. Aliponiona alifurahi, alisimama kabisa, akasema, "Umewakimbia! Vizuri. Kaa ule, hawatarudi."

Sikula. Nilipiga kelele mbele ya baba yangu, kitu ambacho kwetu hakifanywi. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia lile lori lilikuwa bahati yangu, na yeye ameifukuza kama kuku. Yeye alinisikiliza na kijiko mkononi. Kisha akauliza, polepole, "Walikuwa wanakupeleka kufanya nini?"

"Kucheza mpira."

"Na kula?"

"Watanilisha kwa sababu ya mpira."

Akamgeukia mama. "Unamsikia? Sisi pia tuliambiwa mambo mazuri." Akaniambia, "Mwanangu, mtu halishwi kwa kucheza. Anayekulisha anataka mgongo wako." Akashika lile jicho lake lililofumba. "Mimi nilikuokoa. Ungekuwa ndani ya treni, umefika Uvinza sasa hivi."

Mama ndiye aliyemshinda, kwa kulia. Alilia tangu jioni, akalia alfajiri akiwasha moto. Kulipopambazuka data alivaa koti lake, akachukua fimbo, akasema, "Twende hiyo Kasulu. Nitawaambia." Njiani aliniuliza mara moja tu huo mpira unachezwaje, nikaanza kumweleza kazi ya kiungo, na yeye akasikiliza, kisha akasema, "Kwa hiyo unapata kitu halafu unampa mwingine." Nikasema ndiyo. Akasema, "Hiyo si kazi mbaya." Wallahi, nilisahau hasira kwa muda.

Tulifika Alhamisi. Katika ofisi ya wilaya alikuwepo ofisa mmoja, mgeni wa mkoa mwingine, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Mwalimu alikuwepo, na yule mnene wa Tanga, fomu iko magotini kwake. Alinikonyeza. Bado alinitaka! Alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi akinisubiri.

Data akasimama, kofia mkononi. "Ndugu ofisa," akasema, "huyu ni mwanangu wa kumzaa."

Ofisa hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alifungua jalada taratibu, akatoa ile karatasi ya Jumamosi, akaigeuza imwelekee data, ingawa data hakujua kusoma. "Mzee, dole hili ni la nani?"

"Langu."

"Na muhuri huu?"

"Wa mwenyekiti."

"Basi nisaidie. Ama uliidanganya serikali Jumamosi, wewe na mwenyekiti wako na kijiji chako, ama unaidanganya leo. Kudanganya serikali ni kufungwa. Kama ni Jumamosi, nakuweka ndani sasa hivi, na mwenyekiti nitamfuata na gari. Kama ni leo, nitakuona mzee uliyemhurumia kibarua wako, uende nyumbani. Ipi?"

Mwalimu alijaribu. Alisema ipo shule niliyosoma. Shule yetu ilikuwa ya majani, ilibomolewa tulipohamishwa, na daftari lake lilikwenda na mvua. Akasema kuna cheti cha ubatizo. Ofisa akasema mapadri wanabatiza hata Warundi, tena Warundi zaidi. Data alikuwa amesimama tu, anakohoa. Mdomo wake ulifunguka, nikaona anataka kusema Jumamosi. Angelisema, namjua. Angekwenda ndani na kifua kile, katika miezi ile ya mvua.

Ofisa akanigeukia mimi. "Hebu wewe useme. Huyu mzee ni nani wako?"

Nilimtazama yule mnene. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Nilikuwa na neno moja la kusema, la herufi nne, ambalo mtoto mchanga analijua, na kila mtu chumbani alikuwa analisubiri.

Nikasema, "Ni mzee niliyekuwa namlimia."

Mtu wa Tanga akaacha kucheka. Akaikunja fomu mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akanipa mkono kama mtu anayetoa pole ya msiba. Ofisa akaandika. Siku ile ile nikaandikishwa mkimbizi, mimi niliyezaliwa umbali wa kutupa jiwe kutoka kaburi la babu yangu, nikapewa karatasi, nikaamriwa nirudi Kibondo na nisitoke wilaya hiyo bila kibali. Timu ya wilaya ikaniondoa, iliogopa kunyang'anywa ushindi. Baadaye nilicheza Kibondo, michezo ya sikukuu, Kakonko dhidi ya Nyabibuye, zawadi mbuzi. Nikigusa mpira watu pembeni waliita, "Mrundi! Mpe Mrundi!" Waliita kwa kunisifu. Warundi wenyewe waliniuliza kwetu ni mlima gani, maana kwao kila mtu ana mlima wake, na mimi mlima sikuwa nao. Yule kiungo mrefu wa Kigoma ndiye aliyechukuliwa na Tanga. Nilimsikia redioni miaka mitatu mfululizo, anatajwa, anatajwa, na nilizima redio za watu wengi.

Lakini hayo nimeyazoea. Ninachotaka kukisema ni kile kilichotokea tulipotoka ofisini.

Tulishika njia ya sokoni, mimi mbele, yeye nyuma na fimbo yake. Ilikuwa siku ya gulio, watu wamejaa, wanawake na vikapu vya maharage, polisi wawili wanakula ndizi, na karani yule yule wa wilaya amesimama dukani. Data hakuweza kunifikia, kikohozi kilikuwa kimembana. Nikasikia anaita. Hakuita jina langu. Aliita, "Mwanangu!" Aliita kwa sauti kubwa ajabu, yeye ambaye maisha yake yote alizungumza na wageni chini chini. Watu wakageuka. Karani akageuka. Akaita tena, "Mwanangu, ningoje!"

Alijua ni nani wanaosikia. Alikuwa amechagua jela, katikati ya soko, ili nimwitikie tu.

Nilimsikia mara zote mbili. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanavuma. Nikaongeza mwendo, nikapita kati ya vikapu, na karani aliponiuliza kama ni mimi ninayeitwa na yule mzee, nikamwambia simjui.